Kesi Ambayo Haikuwepo

Barua ya bodi ya leseni za urembo ilifika Alhamisi, siku ambayo Ardis Sorteberg huoshwa na kusetiwa nywele. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa amekosa Alhamisi tatu tu. Mbili zilikuwa za theluji. Ya tatu alimzika mumewe, na hata hiyo aliwahi kusetiwa Jumatano. Kwa hiyo Brenna, mkwe wake, alipoisoma barua ile akiwa amesimama kwenye matope ya Machi kando ya sanduku la posta, hakuwa na nafasi ya kukaa chini na kuilia. Aliikunja, akaitia mfukoni mwa koti, akapanda pikapu ambamo mama mkwe wake alikuwa amekwisha kaa, mkoba magotini.

"Posta wameleta nini?" Ardis aliuliza.

"Matangazo ya mbegu."

"Mapema mwaka huu."

"Ndiyo, Mama. Mapema."

Kutoka shambani kwao hadi mjini Nordahl ni maili sita, na hawakusema neno jingine. Hiyo si dalili ya ugomvi kwetu.

Saluni ya Lavonne ilikuwa na viti viwili, sinki moja na drayer tatu za kofia za kukaushia nywele. Lavonne mwenyewe alikuwa na miaka sabini na tisa na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Brenna alikuwa amemaliza chuo cha urembo katika mji mkubwa, saa elfu moja mia tano na hamsini alizozihesabu moja moja, akafaulu mitihani mwezi wa Januari. Kilichobaki ni leseni. Mpaka ifike, sheria ilimruhusu kufagia, kupokea simu na kumpa Lavonne rola za kuviringishia nywele. Kichwa cha mteja hakuruhusiwa kukigusa.

"Imefika?" Lavonne aliuliza, kama alivyouliza Alhamisi iliyopita na ile iliyotangulia.

"Bado."

"Mwisho wa Aprili nafunga, mwanangu. Nimekwambia. Si kwamba nakutisha. Mikono ndiyo inafunga, mimi naifuata tu." Alizungusha rola kwenye nywele nyeupe za Ardis, ikamponyoka, akaiokota. "Yule bwana wa vipuri vya matrekta amepiga simu tena. Anataka nyumba hii awe anaweka magurudumu."

"Magurudumu," alisema Ardis, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Kodi yake ni nzuri. Lakini nimesema kwanza Brenna. Wewe ukipata karatasi yako, viti na sinki ni vyako kwa ile bei tuliyosema. Usipopata, nitafanyaje?"

Ardis akaingizwa chini ya drayer. Akiwa humo hasikii kitu, na kwa sababu hasikii, huongea kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa shamba. "MIMI SITAKI KUZIKWA KAMA BORGHILD."

Hakuna aliyehitaji maelezo. Vuli iliyopita Borghild Fosse alifariki wakati Lavonne yuko hospitali. Mwenye nyumba ya mazishi hapokei mtu asiye na leseni, hivyo alileta msichana kutoka mji mkubwa, ambaye hakumjua Borghild. Alimpasulia nywele njia upande wa kushoto na kuzifutua kama za mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni.

"Nilipita kwenye jeneza mara mbili," alisema Lavonne, "nikidhani nimeingia msiba wa watu wengine."

Katika mji wetu anayekuseti kila wiki ndiye anayekuseti mara ya mwisho. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama zetu. Brenna alifagia nywele nyeupe sakafuni. Kila alipoinama, barua mfukoni ilikwaruza.

---

Jioni aliiweka mezani mbele ya mumewe. Dalton alikuwa ametoka kutengeneza mashine ya kupandia mahindi na alinuka grisi mpaka kwenye nyusi. Aliisoma huku akila viazi.

"Wanataka karatasi za mahakama," alisema.

"Ndiyo."

"Zilizogongwa muhuri. Mashtaka, kukiri kosa, amri ya kuahirisha hukumu, na amri ya kufuta. Ndani ya siku thelathini, la sivyo wanalifunga ombi lako." Akaweka uma chini. "Brenna. Uliandika nini kwenye ile fomu?"

"Niliandika ukweli."

"Ungeandika hapana."

"Waliuliza, 'Je, umewahi kutiwa hatiani, kukiri kosa, au kupewa hukumu iliyoahirishwa, hata kama imefutwa.' Wameandika hata kama imefutwa, Dalton. Ni kama wananiita kwa jina."

"Hakimu alisema ukikaa vizuri mwaka mmoja, kesi inafutwa, ni kama haikuwepo. Nilikuwepo nyumbani kwenu ulipotuhadithia. Sasa wewe ni nani umpinge hakimu?"

"Mimi ndiye niliyempiga mtu."

Dalton alitafuna. "Kwa ajili ya nguruwe," alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kwa sababu baada ya miaka tisa bado lilikuwa jambo la kuchekesha ukiwa jikoni mwako, mlango umefungwa.

Kisa kilikuwa hiki. Brenna alipokuwa na miaka kumi na tisa, kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya, mwamuzi wa nguruwe aitwaye Verlyn Haugland alimwambia baba yake, mbele ya mabenchi yaliyojaa watu, kwamba nguruwe wake amedungwa sindano ya kumnenepesha. Baba yake, Orrin Aasen, hakujibu. Brenna alichukua ile fimbo nyembamba ya kuongozea nguruwe akamchapa Verlyn upande wa kichwa. Sikio lilishonwa nyuzi saba. Mahakamani alikiri, na hakimu akasema hatatoa hukumu siku ile. Anaiahirisha kwa mwaka mmoja, akae chini ya uangalizi, akitimiza yote kesi itafutwa. Alitimiza yote.

"Nakala zako ziko wapi?" Dalton aliuliza.

"Unajua ziko wapi."

Alijua. Siku amri ya kufuta ilipokuja kwa posta, Brenna na baba yake walibeba karatasi zote mpaka kwenye pipa la kuchomea takataka nyuma ya ghala, wakaziwasha moto, wakasimama pale wakinywa soda mpaka zikaisha. Orrin alisema, "Basi, hadithi imekwisha." Alikuwa na furaha siku ile. Sasa Orrin ana miaka minne kaburini, na hakuna nyumba yoyote hapa ambayo ingefikiria kuweka faili la jambo ambalo serikali yenyewe imesema halikutokea.

---

Karani wa mahakama ya wilaya alikuwa Tessa, aliyesoma na Brenna tangu darasa la kwanza. Aliandika jina kwenye kompyuta, akangoja, akaliandika tena.

"Hakuna kitu."

"Najua hakuna. Kilifutwa. Nataka nakala za kilichofutwa."

"Siwezi kukupa nakala ya kitu ambacho hakipo."

"Tessa. Ulikuwepo. Siku ile ya maonyesho ulikuwa benchi la pili, umeshika pamba ya sukari."

Tessa alitazama kulia na kushoto. Wakili mmoja alikuwa akinywa maji kwenye bomba la ukutani. "Mimi kama Tessa nakumbuka vizuri sana," alisema kwa sauti ya chini. "Ile pamba ilinidondoka. Lakini mimi kama karani sijui lolote, na nikisema najua, nafukuzwa. Ninachoweza kukupa ni barua inayosema hatukuona kumbukumbu yoyote kwa jina lako."

"Hiyo itanisaidia nini?"

"Watu wengine hufurahi wakiipata."

Aliichapa barua, akaigonga muhuri, akamtoza dola kumi. Brenna alipokuwa akiikunja, Tessa aliongeza, "Majalada ya zamani ya makaratasi yako chini, kwenye chumba cha chini, yamepangwa kwa namba. Kwa jina mashine haikuoni tena. Ukija na namba ya kesi, wewe mwenyewe kama mhusika, naweza kujaza ombi lifunguliwe. Wakili wako hana?"

"Wakili wangu alikufa."

"Pole. Na ofisi yake sasa ni ya pitsa." Akafikiri. "Pitsa yenyewe mbaya."

Kesho yake Brenna aliipigia bodi simu. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye adabu nyingi, ya aina ile inayomchosha mtu.

"Naona hapa, mama, umetuambia ulikuwa na kesi. Na sasa una barua ya mahakama inayosema hukuwa nayo."

"Ilikuwepo. Ilifutwa."

"Naelewa. Lakini kwenye jalada lako kuna jibu la ndiyo lisilo na ushahidi. Tusipoweza kulithibitisha, linakuwa taarifa isiyothibitika."

"Kwa hiyo nimekosea kusema kweli?"

"Sisemi hivyo, mama. Nasema tu hatuna mahali pa kuiweka."

"Ningeandika hapana ingekuwaje?"

"Hilo swali," kijana alisema, "sijalisikia."

Zilibaki siku kumi na tisa.

---

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo huenda namba ile iliandikwa, na Brenna alipajua tangu Krismasi yake ya kwanza kama mke wa Dalton.

Ardis alikuwa na madaftari makubwa ya vipande vya magazeti, kumi na moja, kwenye rafu chini ya dirisha la sebuleni. Kila Jumatano gazeti la wilaya lilipokuja, alikaa na mkasi na gundi: harusi, vizazi, vifo, timu ya mpira iliyoshinda, bei ya mahindi iliyovunja rekodi. Krismasi ile Brenna alikuwa akitafuta picha yake ya uchumba. Aliipata. Na kwenye ukurasa wa mkabala, kikiitazama picha ile ana kwa ana, aliona kipande chembamba kutoka safu ya habari za mahakama: Brenna Aasen, miaka 19, shambulio la kujeruhi, hukumu imeahirishwa. Kilikuwa kimebandikwa kwa gundi ukingo wa juu tu, kama kitu ambacho mtu hakutaka kukishika sana.

Alilifunga daftari. Akasaidia kuandaa meza. Miaka minane wakala meza moja, wakasuguana mabega kwenye sinki moja, wakakanda pamoja chapati za viazi kila Novemba, na hakuna aliyelitaja. Kila Ardis alipofungua daftari jipya kubandika kitu, Brenna alikumbuka alikobandikwa yeye.

"Si umuulize tu," alisema Dalton.

"Muulize wewe. Ni mama yako."

"Mimi sikumpiga mtu."

"Nitamwambiaje? Mama, naomba ile aibu yangu uliyoniwekea, nina shida nayo kidogo?"

Dalton alikuna kidevu. "Nyie wawili," alisema, "mngekuwa ng'ombe ningekwisha waitia daktari." Akatoka kwenda kwenye mashine yake, kwa kuwa mashine ikiwa na tatizo husema.

Basi Brenna alingoja Alhamisi. Watu wa kwetu, wakiwa na jambo zito, hulisemea garini. Garini wote mnatazama mbele; hakuna wa kumwona mwenzake usoni, na njia ina mwisho, kwa hiyo na mazungumzo yana mwisho. Alingoja mpaka wapite daraja.

"Mama."

"Mm."

"Kile kipande cha gazeti."

"Kipi?"

"Changu."

Ardis aliyatazama mashamba. Walipita ghala la chuma la Haugland, wakapita kanisa. Ilikuwa kama maili moja.

"Nilidhani umekisoma," Ardis alisema.

"Nilikisoma. Krismasi ile."

"Na chini yake?"

"Chini yake kuna nini?"

Ardis aligeuka kumtazama mkwe wake, jambo ambalo garini halifanywi. "Nilikibandika juu tu ili kiinuke," alisema. "Kwani kila kimoja humo ndani si kinainuka? Ungedhani naweka gundi kidogo kwa ubahili?"

Kwa kiasi fulani ndivyo Brenna alivyodhani.

"Geuza gari."

"Mama, ni Alhamisi. Lavonne ameshaweka maji."

"Najua leo ni siku gani. Geuza gari."

---

Ardis alikaa sebuleni bila kuvua koti, akalifungua daftari magotini, akanyoosha kidole chake chembamba na kuinua kipande kile kwa ukingo wa chini kama mtu anayeinua shuka kumwangalia mtoto aliyelala. Chini yake, karatasi yote ilijaa maandishi ya penseli, madogo, yaliyonyooka. Tarehe. Chumba cha mahakama. Jina la hakimu. Namba ya kesi, tarakimu zote, hadi herufi za mwisho.

"Ulikuwepo," Brenna alisema.

"Dalton alikuwa ametuambia anataka kukuoa. Baba yake akasema, ngoja tuone. Mimi si mtu wa kungoja. Nilifunga kitambaa kichwani nikakaa benchi la nyuma. Nilitaka kuona mwanangu anatuletea nini."

"Na namba?"

"Ilikuwa kwenye karatasi mlangoni. Nami nilikuwa na penseli."

Chini ya namba kulikuwa na mistari mingine. Brenna aliisoma taratibu, kwanza kwa macho, kisha midomo ikawa inasogea. *Alisimama wima. Alipoulizwa kama alitenda, alisema ndiyo kabla wakili hajamaliza kusema. Baba yake alilia. Yeye hakulia mpaka baba yake alipolia. Atafaa.*

Brenna aliusoma tena mstari wa mwisho.

"Miaka minane," alisema Brenna, "nilidhani umeniwekea aibu."

"Miaka minane nilidhani umesoma ukanyamaza kwa adabu. Nikasema, huyu ana adabu kuliko sisi." Ardis alilifunga daftari, kisha akakumbuka na kulifungua tena. "Nakili hiyo namba. Halafu tupeleke kichwa hiki, Lavonne atadhani nimekufa."

Walifika wakiwa wamechelewa saa moja na robo. Lavonne alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, uso mweupe. "Nimepiga simu hospitali," alisema.

"Nilikuwa nasoma," alijibu Ardis, akaketi.

---

Jalada lilipatikana kwenye chumba cha chini, limebanwa kati ya kesi mbili za mipaka ya mashamba. Tessa alilipandisha mwenyewe, likiwa na vumbi, akagonga muhuri karatasi nne, na kwa mara ya kwanza akasema kama karani, "Ndiyo, naona ilikuwepo." Dola ishirini na nne. Brenna alituma siku ileile.

Wiki moja baadaye kijana mwenye adabu alipiga simu. Karatasi zimefika, ahsante sana. Kwa kuwa kosa ni la kujeruhi na kazi ni ya mkasi na wembe, wajumbe watatu wangependa kuzungumza naye kwa simu. Na ingesaidia, hailazimu, ila ingesaidia, kuwa na neno la maandishi kutoka kwa aliyejeruhiwa.

Verlyn Haugland alikuwa na miaka sabini na tatu na kila asubuhi alikunywa kahawa kwenye ofisi ya ghala la ushirika, kiti cha ukutani, ili sikio zima liwaelekee watu. Kwa miaka tisa yeye na Brenna walikuwa wakipishana kanisani kwa kutikisa kichwa. Brenna alipoingia, wanaume watano waligundua ghafla kwamba wana kazi nje.

"Kaa," Verlyn alisema. "Upande huu. Huo mwingine uliuharibu."

Brenna alieleza shida yake. Verlyn alisikiliza akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Kwa hiyo unataka niseme nilikosea."

"Sijasema hivyo, Mzee."

"Maana sikukosea. Nguruwe yule alidungwa. Nilisema, na nasema."

Brenna alibana midomo. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na alihisi damu ikimpanda kwenye masikio, damu ileile ya zamani. Akamkumbuka Lavonne akiokota rola sakafuni. Akabaki ameketi.

"Andika," alisema Verlyn. "Mimi, jina langu, natangaza kwamba huyu binti si hatari kwa mtu yeyote. Umeandika? Andika kwamba mke wangu anataka nywele zake zitengenezwe hapahapa mjini, na mimi ndiye ninayemwendesha, na mjini kwingine ni maili arobaini. Hilo liandike vizuri."

Alitia sahihi. Kisha, akitazama dirishani kwenye malori, alisema, "Baba yako nilimsema mbele ya watu. Lile lingesemwa nyuma ya banda. Wawili tu." Akanywa kahawa. "Hilo usiliandike."

"Siandiki."

"Watu wakiniuliza sikio, nawaambia ni nguruwe."

"Wote wanajua, Mzee."

"Najua wanajua. Ila wana heshima."

---

Simu ya wajumbe ilikuja Jumanne saa nne asubuhi. Brenna aliiweka katikati ya meza ya jikoni, sauti imefunguliwa. Dalton alisimama mlangoni akiwa na buti, ingawa hairuhusiwi. Ardis alikuwa kwenye sinki akikausha sahani ambazo zilikuwa kavu.

Waliuliza tarehe, wakauliza kuhusu mwaka wa uangalizi, naye akajibu. Kisha mwanamke mmoja, sauti yake ya mtu mzima, akauliza, "Kwa nini ulimpiga?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hakimu aliuliza kama alitenda. Mji mzima ulicheka. Dalton alimpenda bila kuuliza.

"Baba yangu alivua kofia," alisema. "Yule bwana alipomwita mdanganyifu, baba alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, akatabasamu. Watu wote wanatazama. Alitabasamu kama mtu anayeomba samahani kwa kusimama pale. Ningeweza kuvumilia yale maneno. Lile tabasamu sikuweza. Haikuwa haki yangu kumpiga. Baba aliniambia hivyo usiku uleule. Nimesema kwa sababu mmeuliza."

Dalton akainama kuangalia kama simu imekatika.

"Na mteja akikuudhi," mjumbe mwingine, mwanamume, aliuliza, "nawe una mkasi mkononi?"

"Bwana, mteja wangu wa kwanza atakuwa mama mkwe wangu."

Kikasikika kicheko huko, cha watu zaidi ya mmoja.

"Waambie," Ardis alisema kutoka kwenye sinki, kwa ile sauti yake kubwa ya kwenye drayer, "nimemuudhi miaka minane na vichwa vyetu vyote viko salama."

"Huyo ni nani?" mwanamke aliuliza.

"Ndiye mteja," alisema Brenna.

---

Leseni ilifika tarehe ishirini na mbili Aprili, kwenye bahasha kubwa yenye kadibodi ndani ili isikunjwe. Dalton alitengeneza fremu kwa mbao za kitanda cha zamani. Yule bwana wa vipuri alipata ghala jingine. Lavonne alikabidhi funguo, akaenda nyumbani, na kesho yake akarudi kukaa kiti cha wateja, akitoa maoni.

Alhamisi ya kwanza Ardis aliingia saa tatu kama kawaida, akaketi, akalaza kichwa kwenye sinki. Brenna alimwagia maji ya vuguvugu. Ilikuwa mara ya kwanza kukigusa kichwa kile, baada ya miaka minane ya kuishi nacho. Kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani.

"Maji si moto sana, Mama?"

"Yanafaa." Ardis alikuwa amefumba macho. "Njia upande wa kulia."

"Najua."

"Na usifutue mbele."

"Najua, Mama."

"Nasema kwa ajili ya siku ile. Leo hata ukikosea nitakusahihisha. Siku ile sitaweza."

"Sitakosea."

"Haya." Maji yakapita. "Lavonne, unasikia, amesema hatakosea."

"Nimesikia," alisema Lavonne. "Nimeandika."

Jumatano iliyofuata gazeti lilileta picha ndogo ya Brenna mlangoni mwa saluni. Ardis aliikata, akapaka gundi ukingo wa juu tu, akaibandika kwenye daftari la kumi na moja. Alichoandika chini yake Brenna alikisoma siku hiyohiyo. Alikuwa amejifunza.

Walipata Alhamisi tisini na tatu. Baridi ya mwaka wa pili, mwezi wa Februari, Ardis alilala baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Alikuwa amesetiwa siku mbili kabla, na mwenye nyumba ya mazishi alimwambia Brenna kwa upole kwamba kwa kweli hapahitajiki kazi kubwa. Brenna alisema ahsante, akafungua mkoba wa rola, akaomba aachwe peke yake na maji ya vuguvugu. Alimwosha na kumseti kuanzia mwanzo. Alipomaliza alikaa naye kidogo, mikono ikinuka shampuu.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Kanisa lilijaa, na ghorofa ya chini wanawake walikwisha panga mikate yenye nyama ya nguruwe na jeli ya kijani. Lavonne, sasa miaka themanini na moja, alishikwa mkono mpaka kwenye jeneza. Alisimama, akainama, akatazama kulia, akatazama mbele. Alipita mara moja tu.

"Ndiye," alisema.